Kona za Kushoto

Mume wangu hajui kukaa. Nimeishi naye muda wa kutosha kusema hivyo bila kutafuta shahidi. Chai anakunywa amesimama mlangoni. Kanisani anachagua kiti cha mwisho, na mahubiri yakirefuka kidogo utamwona ameinuka, eti anaenda kuangalia kama alifunga gari. Anaitwa Theuri, kazi yake ni kuendesha ambulensi ya hospitali ya misheni, na mwaka huu nusura anitie wazimu kwa sababu ya chuma kimoja kilichopinda.

Mimi ni Nasirumbi. Nilizaliwa Bungoma, kwenye mashamba ya miwa, mahali ambapo ukiweka mpira chini unaukuta palepale ulipouacha. Nikatumwa Nyeri kufundisha, nikaolewa Tetu, na tangu hapo nyumbani kwetu ni Kiswahili tu, kwa kuwa yeye hajui Kibukusu na Kikuyu changu kinawachekesha mashemeji mpaka wanashika mbavu. Nafundisha Kiswahili shule ya msingi iliyo hapo juu ya barabara. Darasani nasema gari lile. Nyumbani nilichoka kubishana zamani, ni gari ile, na maisha yanaendelea.

Theuri ana Subaru ya bluu. Aliitoa Nanyuki kwa mwanajeshi mzungu aliyekuwa anarudi kwao, ikiwa imekaa nje mpaka majani yameota kwenye tundu la wipa. Akaifufua. Kuna klabu ya watu wa huku wanaoshindana kupanda mlima, gari moja moja, kwenye barabara ya lami inayokatiza mashamba ya chai. Wanaifunga barabara Jumamosi mchana, wanaweka saa, na watu wanakuja kutazama wamekaa kwenye kingo na mahindi yao ya kuchoma. Hiyo ndiyo starehe ya mume wangu. Hanywi, hachezi kamari, hana mambo ya pembeni ninayoyajua. Basi nikasema, wacha apande mlima.

Halafu mwezi wa nne mvua ikaja, na bega likachomoka.

Alikuwa amekwenda kumchukua mama mmoja aliyeshikwa na uchungu, nyumba yao iko chini kabisa bondeni, na njia ya kushuka huko ni utelezi mtupu. Wakampandisha kwa machela. Theuri akateleza. Mtu mwingine angeachilia machela ajishike kwenye majani ya chai, lakini yeye alikataa kuachilia, na bega la kushoto likatoka mahali pake. Yule mama hakuguswa na hata tone la tope. Alijifungua salama asubuhi hiyohiyo. Mume wangu akaletwa nyumbani mkono ukiwa umefungwa shingoni, na likizo ya ugonjwa mpaka daktari aseme vinginevyo.

Nataka niseme wazi, maana sipendi kuzungukazunguka. Nilihuzunika kwa ajili ya bega, na kwa ajili ya likizo nilifurahi. Wewe hujui kulala na dereva wa ambulensi msimu wa mvua. Hujui kusikia king'ora ukiwa unasonga ugali, ukasimama na mwiko mkononi mpaka kipite ile kona, ndipo uendelee. Miezi ile ya bega nilisonga ugali wangu bila kusimama.

Daktari alipomaliza kazi yake alisema mkono umepona. Sista Phyllis, anayesimamia madereva pale hospitali, akapiga simu. Ni mama mpole lakini hana maneno mengi. Alimwambia Theuri gari linamngoja Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, na kama hajisikii aseme mapema watafute mtu mwingine, maana wagonjwa hawawezi kungoja. Theuri akajibu, "Nitaangalia, Sista." Nilimtazama. Mtu aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo kwa hamu ya kazi, leo ati ataangalia.

Nilikuwa najua ni kwa nini. Wakati wa likizo alikuwa amenunua stabilaiza mpya za Subaru. Mwenzangu, kama hujui stabilaiza, usijali, mimi mwenyewe nimezijua kwa kulazimishwa. Ni chuma kirefu kilichopita chini ya gari, kimeshika gurudumu la kushoto na la kulia, ili gari likikata kona lisilale upande mmoja. Gari huja na chembamba chake. Watu wa mbio hutoa kile, wanaweka kinene kilichotengenezwa na watu wengine, chenye matundu matatu kila mwisho. Tundu la nje gari linakuwa laini, tundu la ndani linakuwa gumu. Unachagua mwenyewe.

Alizifunga zote mbili, ya mbele na ya nyuma, akaenda kupanda mlima kujaribu mkono. Nilikuwepo, nimekaa kwenye ukingo na Mama Watiri, mamake Theuri. Kona ya kulia ya kwanza akapita, japo gari lilionekana zito kugeuka. Kona ya kushoto, mkia wa gari ukatoka. Niliuona ukitoka. Gari likazunguka lote, likasimama likiangalia lilikotoka, gurudumu moja likiwa kwenye mtaro na wachuma chai wakikimbia. Hakuumia. Alitoka ndani akajishika bega, akabaki amesimama hapo akiliangalia bega hilo kana kwamba ni la mtu mwingine.

Nyumbani aliniambia. "Ni hii mkono, Mama Nduta. Kulia naenda sawa. Kushoto, mkia ikitoka, niko na haja ya kurudisha stering'i haraka, na mkono inachelewa."

"Daktari alisema umepona."

"Daktari hakuwa ndani ya gari."

"Basi acha mbio."

"Si mbio," akasema. "Ambulensi. Nikiwa nimebeba mama mjamzito na kona ni ya kushoto?"

Hapo ndipo shida yote ilipolala. Akitaka kurudi kazini lazima ajue kama mkono utamtii. Daktari amesema ndiyo, gari linasema hapana, na yeye anaamini gari.

Kuanzia siku hiyo hapakuwa na utulivu nyumbani. Asubuhi kabla ya chai yuko chini ya Subaru. Jioni nikitoka shule naona miguu miwili imetokeza chini ya gari. Leo amehamisha bolti kwenye tundu la katikati, kesho tundu la ndani, anakwenda mpaka Ihururu na kurudi, anashuka amenuna. Na hili ndilo lililomvunja moyo: kila akiifanya stabilaiza ya nyuma kuwa ngumu zaidi, kona za kushoto zilizidi kuwa mbaya. Akahesabu hiyo kuwa ushahidi. Kwamba gari kali linahitaji mkono mzima, na wake si mzima. Wenzake wa klabu wakatikisa vichwa wakasema pole. Mtu wa kupima magurudumu mjini, mwenye karakana nzuri ya sakafu ya saruji, alimwambia atoe hivyo vyuma kwanza ndipo aongee naye, na Theuri akamjibu maneno ambayo mwalimu hawezi kuandika. Kwa hivyo kule pia mlango ukafungwa.

Alianza kufungua mazungumzo na kuyaacha katikati. Analisha ng'ombe nusu, anakwenda kukunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto kwenye nguzo ya zizi. Mimi nami nikawa na hasira za bure. Nilimkaripia mtoto wa watu darasani kwa sababu amepiga chafya. Ukiishi na mtu asiyekaa, wewe pia unaanza kuzunguka.

Sasa nije kwenye kalamu.

Zile stabilaiza zinashikwa kwenye magurudumu kwa vyuma vifupi, wanaviita linki. Hizi zake zina nyuzi kama za skrubu, unaweza kuzizungusha zikawa ndefu au fupi. Theuri alinieleza kwamba linki haifungwi gari likiwa limeinuliwa kwa jeki. Lazima magurudumu yawe chini, na uzito wa dereva uwe kwenye kiti, ndipo chuma kitulie bila kujikunja, ndipo ufunge. Lakini hawezi kuwa kwenye kiti na chini ya gari kwa wakati mmoja. Kwa hivyo aliyekaa kwenye kiti ni mimi.

"Uzito wetu ni karibu sawa," alisema. Alikuwa anadanganya, lakini nilimwachia.

Basi ndivyo nilivyokuwa. Kila jioni, kiti cha dereva, na insha za darasa la saba mapajani. Yeye chini anagonga, mimi juu nasahihisha. "Usitikisike, mwalimu," sauti inatoka kwenye udongo. "Mtoto ameandika anataka kuwa rubani wa trekta," namjibu, "lazima nitikisike." Kalamu nyekundu naiweka juu ya dashibodi nikifungua daftari lingine. Na kalamu inaondoka. Inaviringika polepole mpaka mlango wa abiria, inaanguka kule. Nainama, naiokota, naiweka tena. Nimeiokota hivyo jioni nyingi bila kufikiri, kwa sababu huku Tetu vitu huviringika. Nilipoletwa kama bibi harusi nilikuta kitanda kina mawe chini ya miguu ya upande mmoja. Meza ina kipande cha mbao. Mama Watiri anapika kwenye jiko lililowekewa kigae upande wa bondeni ili mchuzi usimwagike, na ukimuuliza anakuambia jikoni kwake ni sawa kabisa. Uwanja wetu wa shule una goli la juu na goli la chini, na watoto hupigana kwa ajili ya kushambulia la chini.

Alhamisi, siku nne kabla ya ile Jumatatu ya Sista, nilikuwa nasahihisha insha shuleni, kwenye meza ya ofisi ambayo fundi aliisawazisha kwa makini. Kalamu ilikaa. Nikaiangalia kalamu ikiwa imekaa. Nilibaki nimeitazama mpaka mwalimu mwenzangu akaniuliza kama niko sawa.

Gari letu lilikuwa limelala upande. Jioni zote zile, Theuri alikuwa amefunga vyuma vyake vikiwa sawa na mlima wa babake. Upande wa abiria uko bondeni, springi za upande huo zimebanwa, na yeye anafunga linki mpaka chuma kitulie hivyo hivyo. Ukilitoa gari hapo ukaliweka kwenye lami iliyo sawa, chuma kinajikunja chenyewe kabla hata hujakata kona. Kinasukuma upande mmoja juu na mwingine chini. Ndiyo maana kulia linakuwa zito na kushoto mkia unatoka. Na kadiri chuma kinavyokuwa kigumu, ndivyo kinavyosukuma zaidi. Mimi si fundi. Lakini nilikuwa nimekalia kiti hicho nikisikiliza kila kitu kikielezwa, na masikio ninayo.

Unafikiri nilikimbia nyumbani kumwambia? Nilitembea polepole. Nilipitia dukani kununua chumvi wakati chumvi ipo. Nilijiambia nikinyamaza mpaka Jumatatu, atampigia Sista Phyllis aseme hapana. Atatafuta kazi nyingine, labda ya kupeleka majani ya chai kiwandani, gari la polepole. Nitasonga ugali wangu bila kusimama mpaka uzee. Hakuna atakayejua.

Nilifika nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameegemea gurudumu. Amekaa. Mtu huyo hakai. Mkono wa kushoto alikuwa ameuweka juu ya goti kama kitu alichoambiwa akilinde, na alikuwa ameshika simu na namba ya Sista iko kwenye kioo.

"Nampigia nimwambie atafute mtu," akasema.

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani. "Weka simu chini," nikamwambia. "Na uingie ndani ya gari, nataka kukuonyesha kitu."

Akaingia. Nikaweka kalamu kwenye dashibodi. Ikaondoka, ikaanguka kule.

"Eh?" akasema.

"Gari imelala, Baba Nduta."

"Hapa ni sawa."

"Hapa ni sawa kwa nani? Weka tena."

Aliiweka mwenyewe. Ikaondoka. Aliiweka mara kadhaa, kila mara anaisogeza mahali pengine, na kila mara inakwenda kulekule. Mama Watiri alipita na maziwa akatuuliza tunacheza nini. Theuri akaiokota kalamu akaiweka tena. Alikuwa ameanza kupumua kwa nguvu. Alitoka, akatembea kuzunguka gari, akarudi, akaliangalia boma alilozaliwa kana kwamba limemdanganya tangu utotoni.

"Kwani ni wapi iko sawa?" akauliza.

Hilo swali lilitumalizia Ijumaa nzima. Niliomba ruhusa shuleni, nikaazima levo ya mafundi wanaojenga choo cha shule, ile yenye kipovu cha maji ndani, na tukazunguka nayo nusu ya Nyeri. Kituo cha kununua chai, hapana. Uwanja wa kanisa ulionekana sawa kwa macho, lakini kipovu kikakimbilia pembeni. Ukumbi wa kanisa ndani ulikuwa sawa, na padre alitusikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema hapana, hata kama ni kwa ajili ya wagonjwa, Subaru haitaingia ukumbini. Kituo kimoja cha mafuta mjini tulifukuzwa tulipoweka levo karibu na pampu. Theuri alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja na kula ndizi kwa mwingine.

Mimi ndiye niliyesema Wang'uru. Mchele wetu unatoka huko, na mara ya kwanza niliyofika kununua, nilishuka garini nikahisi niko kwetu. Maji ya mashamba ya mpunga yanakaa. Pangekuwa na mteremko yangeondoka.

Jumamosi tukashuka. Karatina, Sagana, Makutano, joto likipanda kila tukishuka, mpaka sweta zikaenda kiti cha nyuma. Kona za kushoto alizipita taratibu mno, na matatu zikatupigia honi. Wang'uru tukaenda kwa Musembi, rafiki yake waliyejifunza udereva pamoja, sasa anaendesha lori la kinu kimoja cha mchele. Nyuma ya kinu kuna sakafu kubwa ya saruji wanakoanikia mpunga. Musembi alitusikiliza, akacheka, akaomba ruhusa kwa mwenye kinu, na wanawake wawili wakasukuma mpunga pembeni kwa reki wakituangalia kwa huruma. Nikaweka levo chini. Kipovu kikaja katikati kikakaa. Nikaigeuza upande wa pili. Kikakaa.

"Sasa nani anaingia kwa kiti?" Musembi akauliza. "Mwalimu?"

"Hapana," nikasema. "Tufanye kazi vizuri."

Kinu kina mizani. Theuri akapanda juu yake kama gunia, Musembi akasoma, kisha tukapanga mifuko ya mchele mpaka mizani ikasema vilevile. Mimi niliulizwa kama nataka kupanda. Nilimwangalia Musembi akaacha kuuliza. Mifuko ikawekwa kwenye kiti cha dereva, Theuri akaifunga mkanda, na wale wanawake wa reki wakaketi chini wakicheka mpaka wakafuta machozi.

Akaingia chini. Mimi nikalala kwenye saruji upande wa pili, nimshikie spana. Alifungua nati ya linki ya nyuma. Ilipolegea, chuma kikaruka kwa kishindo kifupi kikatulia mahali pengine. Tundu la linki na tundu la stabilaiza, yaliyokuwa yamefungwa pamoja wiki zote hizo, sasa yalikuwa yamepishana. Aliweka kidole katikati yake. Kidole kikaingia chote.

Alibaki amelala hapo na kidole chake kwenye lile pengo. Nilimwona kwa upande, grisi kwenye shavu, midomo imebanwa.

"Upana wa kidole," akasema. "Nilikuwa napigana na hii."

Akaizungusha linki, kidogo, akapima, kidogo tena. Mwisho bolti ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba tu, bila nyundo, bila kulazimishwa. Nilisikia furaha ikinipanda, ya kweli, na nyuma yake hofu. Hiyo bolti ilipoingia, nilijua Jumatatu imeamuliwa.

Tulitoa mchele. Akaingia, nikaingia upande wa abiria, na akazungusha gari kwenye ile sakafu. Kulia, duara, akiongeza mwendo mpaka magurudumu yakaanza kupiga kelele. Kisha kushoto. Nilishika mlango. Gari likaenda kushoto kama lilivyokwenda kulia, sauti ileile, mwinamo uleule. Akaongeza. Mkia ukatingisika kidogo, na mkono wake wa kushoto ukarudisha usukani kabla sijajua kuna haja. Akarudia. Kushoto, kushoto, kushoto, mpaka Musembi akainua mikono tusimame kwa sababu vumbi la makapi lilikuwa linaingia kwenye mpunga wa watu.

Alizima gari. "Mkono iko sawa," akasema, polepole.

Akatoka, akaketi kwenye saruji yenye joto, kisha akalala chali karibu na ukingo wa mpunga, na kabla Musembi hajarudi na soda, alikuwa amelala usingizi. Mdomo wazi. Theuri, mchana, mbele ya watu. Sijawahi kuona jambo kama hilo tangu tuoane. Wale wanawake wakampitia na reki zao kwa uangalifu wasimwamshe.

Musembi aliniletea kiti. Sikukikalia. Nilizunguka ile sakafu, nikahesabu magunia ambayo si yangu, nikaenda mpaka lango, nikarudi. Mlima ulikuwa umejificha kwenye mawingu, na upande wa kwetu yalikuwa meusi.

Kurudi alipita kona za kushoto kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Baada ya Karatina mvua ikaanza. Hapo ndipo alipozungumza.

"Ulikuwa hutaki nirudi kazi. Najua."

"Sikutaka," nikasema. "Hata sasa sitaki."

"Na bado ukanionyesha kalamu."

"Ulikuwa umekaa kwa ndoo," nikamwambia. "Sikuweza kukuona umekaa hivyo."

Kisha akaniomba simu yake kwenye sweta, akasimamisha gari pembeni, akampigia Sista Phyllis. Alisema atafika Jumatatu na kama inawezekana afike mapema. Mimi niliangalia wipa zikienda na kurudi.

Jumatatu mvua haikukatika. Kipindi cha tatu nilikuwa na darasa la saba, nimegeuka ubaoni naandika sentensi za kusahihisha, king'ora kikaanzia juu, upande wa Ihururu, kikishuka. Watoto wote wakainuka kwenye madawati kuchungulia. Niliwaambia wakae chini. Anayeshuka na barabara ile hukutana na kona moja mbaya chini ya uwanja wetu, chini ya goli la bondeni, na ni ya kushoto. Niliendelea kuandika. King'ora kikaja, kikawa karibu kabisa, nikasikia magurudumu kwenye maji, injini ikishushwa gia, na sauti ikakata kona nzima bila kuyumba ikaelekea mjini. Niliisikiliza mpaka mwisho, na chaki ikiwa inaenda.

Shiku, msichana wa dawati la mbele, aliinua mkono.

"Mwalimu," akasema, "umeandika sentensi moja mara nne."